NI NANI ALIYETULETEA VAZI HILI?

Somo: Mwanzo 37:31-35 na Mwanzo 45:25-28

  Tunamshukuru Mungu ambaye ametulinda katika hema zetu na nyumba zetu za udongo, akatupitisha katika siku za mvua na za mgao mdogo, hata tumekutana tena katika gazeti hili dogo la kanisa.

Mwezi huu tunaandika juu ya picha. Wengine watashangaa na kusema, Mchungaji ameacha Neno anafundisha mambo ya simu. Hapana. Tunabaki ndani ya Neno. Ila tunawaomba msome mpaka mwisho, kwa sababu kuna deni ambalo sisi mchungaji wenu tunadaiwa na kanisa hili, na deni hilo tutalitaja kabla ya kufunga.

1. VAZI LILILOCHOVYWA KATIKA DAMU

Habari ya Yusufu mnaijua tangu shule ya Jumapili. Ndugu zake walimwuza kwa wafanyabiashara waliokuwa wakienda Misri. Baada ya kumwuza ilibaki kazi moja, nayo ni kumjulisha baba. Wakachinja mbuzi, wakalichovya vazi la Yusufu katika damu, wakampelekea mzee Yakobo.

Sasa angalieni vizuri. Katika mstari wa 20 walikuwa wamekwisha kupanga uongo wao, kwamba watasema mnyama mkali amemla. Lakini walipofika mbele ya baba yao hawakuwa na haja ya kuusema. Walimwonyesha vazi, wakamwuliza swali tu, atazame kama ni la mwanawe au sivyo. Yakobo akalitambua. Na kinywa kilichotamka habari ya mnyama mkali kilikuwa kinywa cha Yakobo mwenyewe.

Vazi lilikuwa la kweli. Ni yeye mwenyewe aliyemfanyia mwanawe. Damu nayo ilikuwa damu kweli. Kama mtu angemwambia mzee, "Baba, wanakudanganya," angejibu, "Mnanidanganyaje na vazi nimelishika mkononi?" Uongo haukuwa katika vazi wala katika damu. Uongo ulikuwa katika maana. Na ile maana aliijaza baba mwenyewe, kutokana na hofu aliyokuwa nayo siku zote juu ya mtoto wake mpendwa. Wana wale waliijua hofu ya baba yao, wakamletea kitu kinacholingana nayo.

Yakobo alikaa na maana hiyo ya uongo muda gani? Hesabuni pamoja nasi. Yusufu alikuwa na miaka 17 mwanzoni mwa habari hii (37:2). Alisimama mbele ya Farao akiwa na miaka 30 (41:46). Ikapita miaka saba ya shibe na miwili ya njaa (45:6). Ni kama miaka 22. Miaka 22 mzee analia juu ya mtoto aliye hai! Na wale waliomletea vazi ndio hao hao waliosimama kumfariji.

Wapendwa, hivi ndivyo picha inavyofanya kazi. Tunafikiri picha ni dirisha, kwamba ukitazama unaona jambo lenyewe. Lakini picha ni kama vazi lile. Inaonyesha kitu cha kweli, halafu inakuachia wewe useme maana yake. Na utaisema kulingana na kile ulichokuwa tayari kukiogopa au kukichukia.

2. SWALI LILILOULIZWA KWENYE GAZETI

Msiseme mambo haya yaliishia Kanaani. Tuje karibu na nyumbani kwetu, kule Gisenyi, mji unaopakana na Goma. Wengi wetu tumevuka bariyeri yake kwa miguu.

Mwaka 1990 nchini Rwanda lilianza gazeti lililoitwa Kangura. Mhariri wake, Hassan Ngeze, alikuwa mtu wa Gisenyi. Mwezi Novemba 1991, katika toleo la 26, ukurasa wa mbele ulikuwa na picha ya rais wa zamani Grégoire Kayibanda. Kando yake palichorwa panga. Na palikuwa na swali, lililouliza ni silaha gani zitumike kuwashinda kabisa wale walioitwa inyenzi, yaani mende.

Swali tu. Gazeti halikuandika pale, "Chukueni mapanga." Liliuliza, na picha ikawekwa pembeni ya swali. Jibu lilikuwa kazi ya msomaji. Na asiyejua kusoma alikuwa na panga la kutazama.

Mnaona jinsi linavyofanana na kazi ya ndugu za Yusufu? Picha pamoja na swali, kisha unanyamaza, unamwacha mtazamaji aseme neno lile ambalo wewe hukutaka kulisema kwa kinywa chako. Miaka miwili na nusu baadaye, kuanzia Aprili 1994, yakaja mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Umoja wa Mataifa umetaja zaidi ya watu 800,000 waliouawa, na Rwanda inataja zaidi ya 1,000,000. Mapanga yale hayakuwa ya kuchorwa tena.

Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu Ngeze mwaka 2003, na katika kesi hiyo mahakimu walikaa na ukurasa ule wakauchunguza, swali liko wapi na panga liko wapi. Adhabu yake ilikuwa kifungo cha maisha, na rufani ya mwaka 2007 ikaifanya kuwa miaka 35. Wanasheria wenye elimu kubwa walikaa kuuliza picha moja ilikuwa inawaambia watu nini. Sisi tunatazama picha hamsini kwa siku, na hatuulizi hata moja.

3. GRANDE BARRIÈRE, JULAI 1994

Walio wageni wa kule tuwaeleze kidogo. Kati ya Goma na Gisenyi kuna mipaka miwili mikubwa ya kupitia. Petite Barrière iko juu kidogo, katikati ya nyumba za watu, na ndiyo ya wachuuzi wa nyanya, samaki na unga. Grande Barrière iko chini, karibu na ziwa Kivu, na ndiyo ya magari na ya watu wenye pasipoti. Katikati ya siku za kawaida ni mahali pa utulivu. Unasikia maji ya ziwa.

Katikati ya Julai 1994 haikuwa hivyo. Jeshi la RPF lilikuwa linakaribia Gisenyi, na mamia ya maelfu ya Wanyarwanda wakavuka kuingia Zaïre kwa siku chache tu. Wengine walikadiria kuwa walifika 1,000,000. Sisi tulikuwa watoto wa Goma, na tuliwaona wakipita na magodoro, mbuzi, sufuria, na watoto mgongoni. Tulimwona pia mzungu mmoja amesimama juu ya paa la gari na kamera yake. Kutoka kule juu aliweza kupiga kichwa baada ya kichwa bila mwisho. Sisi tuliokuwa chini tuliona mengine. Tuliona wamama wa Goma wakitoa maji ya kunywa bure, na wengine wakiyauza. Tuliona wanaume wenye silaha katikati ya wale wanaolia, wakiwaamrisha njia ya kupita. Kamera haikudanganya. Ila ilikuwa na upande mmoja wa kutazama, na ule mwingine ukawa kama haupo.

Siku chache baadaye kikaingia kipindupindu. Ardhi ya Goma ni mawe ya volkano, mnaijua. Huwezi kuchimba choo, huwezi kuchimba kaburi. Maiti zilizungushwa katika mikeka na kulazwa kando ya barabara, na askari wa Ufaransa wakaleta mashine za kuchimbia mashimo. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000.

Goma ilikuwa na uwanja wa ndege, kwa hiyo kamera zilifika upesi na kwa wingi. Dunia nzima ikaona. Watu wa Ulaya na Amerika wakalia mbele ya televisheni zao, wakatoa fedha. Marekani ikatuma askari wake kuleta maji safi. Tunamshukuru Mungu kwa hayo, kwa sababu mtoto anayekufa kwa kuhara hana kosa lolote, na maji yale yaliokoa roho za watu.

Lakini sikilizeni upande wa pili. Katika miezi ile mitatu ya mauaji yenyewe, kamera zilikuwa chache sana. Mnamo Aprili 21, 1994 Umoja wa Mataifa uliamua kupunguza askari wake Rwanda hata wabaki 270. Mpiga picha mmoja Mwingereza, Nick Hughes, alifaulu kurekodi watu wakiuawa barabarani mjini Kigali, akiwa mbali, juu ya jengo la shule. Picha kama zile zilihesabika kwa vidole. Kwa hiyo watu wengi ulimwenguni, walipoona maiti za Goma mwezi Julai, walifikiri kwamba hao ndio waliolengwa na mauaji waliyoyasikia redioni. Kumbe sivyo. Waliouawa kwa panga walikuwa wamekwisha kulala ndani ya Rwanda bila kamera. Wale wa Goma walikuwa wengine, wengi wao watu wanyonge waliokimbia kwa hofu, na katikati yao wakiwemo askari na interahamwe walioua. Hao wenye silaha ndio waliozitawala kambi, wakagawa chakula wanavyotaka. Mwezi Novemba 1994 tawi la Ufaransa la shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka katika kambi zile kwa sababu hiyo.

Vazi lilikuwa la kweli. Damu ilikuwa ya kweli. Huruma ya watu ilikuwa ya kweli. Maana ndiyo iliyopotea, na maana ilipopotea, wauaji walijificha chini ya huruma iliyotolewa kwa ajili ya watoto.

4. SIMU ZETU NA DENI LETU

Grande Barrière ile ile imeendelea kupigwa picha. Mnamo Januari 17, 2002 Nyiragongo ililipuka, nasi wa Goma tukakimbilia Gisenyi na magodoro yetu. Mei 22, 2021 ikalipuka tena, watu wakavuka tena usiku. Mwishoni mwa Januari 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia Goma, wazungu karibu 300, wengi wao Waromania, waliokuwa wameajiriwa kusaidia upande wa serikali ya Congo, walivushwa Grande Barrière wakaingia Rwanda, wakapekuliwa mbele ya kamera. Picha hizo zilifika hapa kambini siku ile ile. Tulizipata kutoka kwa makundi mawili ya simu. Katika kundi moja zilikuja na maneno ya kushangilia. Katika kundi la pili picha hizo hizo zilikuja na maneno ya uchungu na matusi. Wote waliona watu wale wale, kwenye lami ile ile. Hakuna aliyebadilisha hata nukta moja ya picha.

Sasa tufike kwenye deni.

Katika majuma yale ya Februari 2025 ilitufikia picha nyingine. Maiti kando ya barabara, zimezungushwa katika mikeka, moshi nyuma yake. Aliyeituma aliandika kwamba ni watu wetu, wameuawa juma lile karibu na bariyeri, na akataja kabila la waliowaua. Sisi mchungaji wenu tulikuwa na ndugu kule ambao simu zao zilikuwa hazipatikani. Hatukulala usiku ule. Tukaituma picha ile katika kundi la wazee wa kanisa, na juu yake tukaongeza maneno mawili ya kwetu: Tazameni wanavyotufanya. Tunaposema "sisi" hapa hatujifichi nyuma ya kanisa. Kidole kilichobonyeza ni cha mchungaji.

Hatukutaja jina la mtu. Tulionyesha vazi, na kila mmoja akajaza.

Katika kanisa letu kuna mama mmoja ambaye lugha ya nyumbani kwake si lugha ya wengi wetu. Anauza mboga karibu na bomba la maji. Kesho yake hakuna aliyenunua. Jioni watoto wake walirudi kutoka bombani bila maji, na mmoja ameumia kichwani kwa jiwe. Waliorusha mawe walikuwa watoto wa waumini wetu. Walikuwa wameiona picha kwenye simu za baba zao, na simu za baba zao ziliipata kutoka kwa mchungaji.

Siku ya tatu mzee mmoja wa kanisa aliomba aonyeshwe ile picha. Hana simu. Aliishika simu yetu, akaisogeza karibu na macho, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Pasta, hawa ni wa kipindupindu. Ni mwaka tisini na nne. Mimi nilikuwa ninawabeba." Akatuonyesha mawe meusi, mikeka, na jinsi walivyolazwa kwa mstari ili gari lipite likiwachukua.

Ndugu zetu, watu wale walikufa zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Walikuwa Wanyarwanda wakimbizi. Waliuawa na maji machafu. Mwaka 1994 kuna waliowatazama wakafikiri wamekufa kwa panga. Mwaka 2025 sisi tukawaambia watu wamekufa kwa risasi. Mara mbili watu hawa wamenyimwa hata kifo chao wenyewe. Na safari hii ya pili mkono ulikuwa wetu.

Tulikwenda kwa yule mama. Tulipiga hodi, akatukaribisha, akatupa kiti. Tukaomba msamaha. Akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Pasta, nimekusamehe mbele za Mungu. Lakini picha uliituma kwa watu wengi. Msamaha umekuja kuuomba kwangu peke yangu, ndani ya nyumba, mlango umefungwa." Hatukuwa na jibu. Tangu wakati ule hajaja ibadani, na sisi tumekawia miezi mingi kwa aibu.

Zakayo aliposimama mbele ya Bwana aliahidi kurudisha mara nne (Luka 19:8). Kwa hiyo tunaandika katika gazeti hili linalosomwa katika kila kijiji cha makazi yetu, wazi, kwa wote walioiona picha na wale walioisikia. Ilikuwa uongo. Tuliieneza sisi. Mama yule na watoto wake hawana kosa. Kutoka 23:1 inakataza kuvumisha habari ya uongo, nasi tuliivumisha, tukiwa na Biblia katika mkono mwingine. Tunaomba mtusamehe. Na tunawaomba ninyi mliomwacha na mboga zake siku ile, nendeni naye mkamwombe msamaha. Msitutume sisi kwa niaba yenu.

5. MAGARI YA YUSUFU

Je, basi tuseme picha zote ni mbaya, tutupe simu? Hapana. Endeleeni kusoma habari ya Yakobo hadi sura ya 45.

Baada ya ile miaka 22, wana wanarudi kutoka Misri na kumwambia baba kwamba Yusufu yu hai. Yakobo haamini. Moyo wake unazimia. Mtu aliyedanganywa na macho yake haamini tena hata maneno. Ndipo Biblia inasema, katika mstari wa 27, walimweleza maneno yote aliyoyasema Yusufu, na alipoyaona magari aliyoyatuma Yusufu kumchukua, roho yake ikafufuka. Ameona kitu kwa macho, akapona. Kilichomwua ni kitu alichoonyeshwa, na kilichomfufua ni kitu alichoonyeshwa.

Tofauti ni nini kati ya vazi na magari? Vazi lilikuja bila mtu wa kusimama nyuma yake. Magari yalikuja na jina la aliyeyatuma na maneno yake yote. Vazi lilimwacha mzee ameketi akiomboleza. Magari yalimwambia, "Simama, panda, nenda ukamwone mwenyewe." Ungeweza kuyafuata magari hadi mwisho wa safari, ukamkuta Yusufu. Vazi, ukilifuata hadi mwisho, ungemkuta mbuzi.

Nasi wa Goma tumeyaona magari ya namna hiyo. Katika kambi zile zile za wakimbizi wa Rwanda, mwaka 1995, mashirika yalipiga picha maelfu ya watoto waliopotezana na wazazi wao. Kila mtoto na namba yake. Picha zikabandikwa kwenye mbao, na wamama wakapita wakitazama uso mmoja mmoja. Hapo hakuna aliyemwambia mama alie, wala amchukie nani. Picha ilimwuliza jambo moja tu, kama anamfahamu mtoto huyu. Na aliyemfahamu alikuwa na mahali pa kwenda kumchukua. Picha ile ilikuwa ndogo, haikumtoa mtu yeyote machozi kule Ulaya. Lakini ilirudisha watoto nyumbani.

6. TUFANYE NINI?

Katika chuo cha Biblia tulifundishwa kwamba kabla ya kuhubiri andiko, uliulize kwanza. Nani aliliandika? Aliwaandikia nani? Lilisema nini kwa wale wa kwanza? Mwalimu wetu hakumruhusu mtu kupanda madhabahuni bila majibu hayo. Tulijifunza kuuliza maandiko, tukasahau kuziuliza picha. Tuanze sasa.

Kwanza, nani ameleta vazi hili? Ukipokea picha, mwulize aliyekutumia, naye ameipata wapi. Akisema, "Imetumwa hivyo hivyo," basi imekuja kama vazi lile. Isimamie kwako, isiende mbele.

Pili, ni nini hakimo ndani yake? Kumbuka mzungu juu ya paa la gari. Uliza ni nani alisimama upande mwingine wa kamera, na kabla ya pale kulitokea nini. Mithali 18:17 inatufundisha kwamba wa kwanza kutoa shauri lake huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje amhoji. Picha nayo hufika kwanza, na mwenzake huchelewa. Msubiri.

Tatu, maneno haya yaliyoandikwa ni ya nani? Mafarisayo walipomletea Bwana Yesu dinari, yeye hakuuliza habari ya sura peke yake. Aliuliza sura na maandishi, vyote viwili, ni vya nani (Mathayo 22:20). Alijua kwamba sura ni kitu kimoja na maandishi yaliyowekwa juu yake ni kitu kingine. Funika maneno kwa kidole chako, utazame picha bila hayo. Je, bado inasema kile kilichoandikwa?

Nne, inanitaka nifanye nini? Kama inanipeleka kumsaidia mtu ninayeweza kumfikia, ni gari la Yusufu. Kama inaniacha nimeketi na hasira juu ya jirani yangu, niifute.

Tena tunawaagiza wazee, waonyesheni wenye umri mkubwa. Yule mzee wetu asiye na simu ndiye aliyeona sawasawa, kwa sababu alikuwepo. Kanisani tunao wengi wa namna hiyo, na tumewaweka nyuma kwa sababu hawajui kubonyeza.

Mwisho, wapendwa, turudi kwenye ile dinari. Chenye sura ya Kaisari kilikuwa cha Kaisari. Na chenye sura ya Mungu ni nini? Mwanzo 1:27 inajibu kwamba ni mtu, mwanamume na mwanamke, kila mmoja. Yule mama auzaye mboga bombani ni sura ya Mungu. Sisi tulichukua maneno yetu mawili tukayaandika juu ya sura hiyo, watu wakasoma maneno yetu, hawakuiona tena sura. Hilo ndilo tunalolitubu.

Jumapili ijayo tutaanza ibadani kwa kusoma ukurasa huu kwa sauti kabla ya kwaya kuimba. Kiti chake, kile cha karibu na dirisha, tusikikalie. Naye akiona vyema kurudi, akikute wazi.

TUOMBE

Ee Bwana, wewe hutazami kama sisi tunavyotazama. Sisi tunaona vazi, wewe unaona shimo alimotupwa mtoto na njia aliyopitishwa. Utusamehe kwa damu tuliyoionyesha bila kujua ni ya nani. Uwapumzishe wale waliolala kando ya barabara ya Goma na wale waliolala katika vilima vya Rwanda, ambao hakuna aliyewapiga picha. Mponye mtoto aliyeumizwa kwa ajili yetu. Na uwarudishie ndugu wa makabila yote ya kambi hii macho ya kumtambua mwenzao kabla ya kuambiwa yeye ni nani. Katika jina la Yesu. Amina.

Ni sisi mtumishi wenu katika Kristo,
Mchungaji wa kanisa